Mzee wa Geji Anajibu: "Bwawa limejaa, mbona bomba langu kavu?"

Tangu nilipoandika mistari michache kuhusu kina cha Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, katika toleo lililopita, barua hazijakoma. Nimezisoma zote hapa nyumbani Kimara, nyingine mara mbili. Kwa wasionifahamu, nilikuwa fundi sanifu wa vipimo vya maji, na geji ni ubao wenye namba wa kusomea kina cha mto. Kwa miaka 31 nimezunguka mito ya Bonde la Wami na Ruvu nikiwa na daftari, penseli na buti za mpira, mpaka nilipostaafu. Simsemei mtu yeyote. Ninachokijua ni mto na namna mto unavyohesabiwa, na humo ndimo nitakamojibu.

Shikamoo mzee. Mimi ni mama ntilie, Tabata Kimanga. Juzi redioni nilisikia Bwawa la Nyerere limejaa hadi wanafungulia milango ya kumwaga maji. Siku hiyohiyo nilinunua madumu sita kwa kijana wa mkokoteni, maana bomba langu lilikuwa na siku ya tano halitoi hata hewa. Maji yakijaa huko, kwa nini hayafiki huku?

Marahaba mama, na pole kwa madumu. Barua yako nimeiweka ya kwanza kwa sababu swali hili naulizwa kila mahali, hata msibani.

Bwawa la Nyerere liko Mto Rufiji. Lilijengwa kwa ajili ya umeme, megawati 2,115, na lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Maji yake hayaji Tabata kwa bomba. Rufiji ni bonde moja na Ruvu ni bonde jingine, na kujaa kwa jirani hakumnyweshi asiyechota kwake. Lijae mpaka limwagike, chungu chako cha wali hakitapata hata kikombe.

Maji yako yanatoka Ruvu. Kuna mitambo miwili mikubwa. Ruvu Juu upo Mlandizi, unaweza kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Maji yake yanasukumwa kwa pampu hadi matangi ya Kibamba na Kimara, kisha yanateremka yenyewe kuja kwenu. Ruvu Chini upo upande wa Bagamoyo, lita milioni 270 kwa siku, na huo unalisha Bunju, Tegeta, Mbezi Beach, Kawe na kuendelea hadi matangi ya Chuo Kikuu. Jumlisha, unapata milioni 466.

Namba kubwa namna hiyo haishikiki kichwani, kwa hiyo tuigawe kwa sekunde za siku nzima. Mitambo ikienda kwa nguvu zake zote, inatoa mtoni mita za ujazo 5.4 kila sekunde. Yaani unavyosema "moja", limeondoka simtanki la lita 5,000 na ndoo ishirini juu yake. Ukisema "mbili", limeondoka jingine. Hivyo usiku na mchana.

Sasa nikuambie jambo ambalo wengi mjini hawalijui: nyuma ya mitambo hiyo miwili hapakuwa na bwawa. Pampu zinachota kinachopita. Mji huu umekuwa ukinywa kama kibarua anavyokula, kilichopatikana leo ndicho cha leo. Matangi mnayoyaona Kimara na Chuo Kikuu ni ya kushikilia maji kwa saa, si kwa miezi. Mto ukishuka, hakuna ghala la kufungua. Ndiyo maana Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua, DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ilitangaza uzalishaji umeshuka hadi lita milioni 300 kwa siku, na mgao ukaanza karibu mji mzima. Hakuna aliyefunga koki kwa makusudi. Mto wenyewe ulikuwa umekonda.

Nakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006. Wakati ule kila mtu Dar alijua habari za Mtera, bwawa la kuzalisha umeme. Kinyozi wangu pale Manzese, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Iringa, alikuwa akijua kwamba Mtera ikijaa inafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kwamba ikishuka hadi 690 maji hayatoshi tena kuzungusha mitambo. Alikuwa akiuliza, "Leo Mtera ngapi?" kama anavyouliza matokeo ya Simba na Yanga. Ninachotamani kwa moyo wote ni kwamba watu wa mji huu waulize vivyo hivyo: "Leo Ruvu ngapi?" Umeme ukikatika tunawasha kibatari. Maji yakikatika hatuna kibatari chake.

Lakini mama, sitaki nikudanganye kwamba kila bomba kavu ni kosa la mto. Siku tano inaweza kuwa bomba limepasuka, umeme umekatika kwenye pampu, au mtaa wenu uko mlimani na presha haifiki. Ukienda kuuliza, usiulize tu "maji yanarudi lini?" Uliza mambo mawili: kina cha mto leo kikoje, na mtambo umezalisha lita ngapi leo. Wakikujibu mto uko vizuri na mtambo unazalisha kwa ukamilifu, basi tatizo liko kati ya tangi na nyumba yako, na hapo una haki ya kudai fundi aje na jembe.

Mzee wangu, mimi ni mwanafunzi, naishi Makongo Juu. Nikiwa kwenye basi kwenda Morogoro nimeona pale daraja la Ruvu kuna mbao nyembamba nyeupe zenye namba, zimesimikwa ukingoni. Ndizo zinazopimia maji? Yaani mpaka leo ni ubao tu?

Kijana wangu, umefanya jambo jema kuangalia chini. Wengi wakifika pale wanaangalia wauza matunda.

Ule ubao tunauita geji. Kituo cha pale daraja la barabara ya Morogoro kina namba yake, 1H8. Moja ni mito inayomwaga Bahari ya Hindi, H ni Ruvu, na nane ni namba ya kituo. Ukikutana na 1G ujue ni Wami, 1D ni Pangani, 1K ni Rufiji. Mimi nikiona namba hizo ni kama nimeona sura ya mtu.

Kila kipande cha geji kina urefu wa mita moja, kimegawanywa kwa sentimita. Vinasimikwa kama ngazi kupanda ukingo, cha chini kabisa kwa ajili ya kiangazi, cha juu kabisa kwa ajili ya mafuriko. Msoma geji anateremka saa 3 asubuhi na tena saa 10 jioni. Kwanza anarusha jiwe au kupiga maji kwa fimbo ndefu, kwa sababu Ruvu ina mamba na viboko. Halafu anausugua ubao kwa brashi, maana ukungu wa kijani ukiota unaficha mistari. Halafu anachuchumaa. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi walikosea: ukisoma ukiwa umesimama, jicho linatazama kwa mshazari na unaweza kukosea sentimita mbili tatu. Jicho lazima liwe karibu sawa na maji. Kama kuna mawimbi, unatazama yanapopanda na yanaposhuka, unachukua katikati. Unaandika palepale, kwa penseli. Wino ukilowa mvua unayeyuka, na sentimita zako zinakwenda na mto.

Lakini kina siyo wingi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Maji ya kina cha mita moja yaliyosimama hayanywishi mji; yanayokwenda ndiyo yanayohesabika. Kwa hiyo mara kwa mara timu inakwenda kupima mtiririko. Tulikuwa tukisimama darajani na kuteremsha kwa waya chombo chenye propela, chini yake kimefungwa kipande kizito cha madini ya risasi kilichochongwa kama samaki ili mkondo usikipeperushe. Mto tunaugawa vipande, ishirini hivi, kutoka ukingo hadi ukingo. Kila kipande tunapima upana, kina na kasi. Kama maji ni mafupi, propela inakaa sehemu sita ya kumi ya kina kutoka juu. Kama ni marefu, tunapima mara mbili, mbili ya kumi na nane ya kumi, tunachukua wastani. Unaweka kisikilizio sikioni na kuhesabu mlio kila propela inapozunguka: tik, tik, tik, kwa sekunde 60. Malori yanapita mgongoni, daraja linatetemeka, na wewe huruhusiwi kupoteza hesabu.

Chukua mfano. Tuseme kipande kina upana wa mita 2, kina cha mita 1.5, na maji yanakwenda sentimita 40 kwa sekunde. Zidisha: mita za ujazo 1.2 kwa sekunde. Vipande vinne na nusu vya namna hiyo vinafanya 5.4, ambayo ndiyo ile simtanki na ndoo ishirini ya yule mama wa Kimanga. Kwa maneno mengine, mkondo wa upana wa mita 9 tu, kina cha kumfika mtu mabegani, ukienda polepole kuliko mtu anayetembea, unaisha wote kwenye pampu za mji. Na hairuhusiwi kuuchota wote. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka pabaki maji ya mto wenyewe: ya samaki, ya miti ya ukingoni, ya watu walio chini ya chanzo.

Ukishapima mtiririko mara nyingi, kiangazi na masika, unatengeneza jedwali: geji ikisoma hivi, mtiririko ni huu. Kuanzia hapo msoma geji akileta namba moja, ofisi inajua lita. Ila Ruvu ni mto wa mchanga. Masika moja kubwa inachimba sakafu hapa na kuimwaga pale, na jedwali la mwaka jana linageuka kuwa uongo ulioandikwa vizuri. Lazima kupima upya. Ukiambiwa fedha za kwenda kupima zitasubiri mwaka ujao, ujue mwaka mzima watu watasoma namba isiyo ya kweli.

Siku hizi kuna mashine: vihisi vinavyokaa majini na kupima mgandamizo, na rada zinazofungwa darajani kutazama maji kutoka juu, zinatuma namba kwa laini ya simu. Nazipenda sana. Mafuriko ya saa 8 usiku, ambayo hakuna binadamu angeteremka kuyasoma, mashine inayaona. Lakini kihisi kikifukiwa na tope kinaendelea kutuma namba bila aibu, tena namba nzuri iliyonyooka. Ndiyo maana ubao haujaondolewa. Mtu anashuka, anasoma, anailinganisha na ya mashine.

Nikumalizie na kisa. Nikiwa na miaka miwili kazini nilitumwa kituo kimoja, jina nalihifadhi. Daftari lilikuwa safi mno. Siku 17 mfululizo, namba ileile, asubuhi na jioni. Ilikuwa Aprili. Niliinua macho, nikaona majani makavu na kamba ya migomba vimening'inia kwenye tawi juu ya kichwa changu, vimeachwa na mafuriko. Mto ulikuwa umepanda kunipita na kushuka, na daftari halikujua. Msoma geji alikuwa mtu mzima kuliko baba yangu. Aliniambia kwa upole kwamba alikuwa akimuuguza mkewe na aliogopa kupoteza kibarua, kwa hiyo alijaza akiwa nyumbani. Sikuweza kumkasirikia. Lakini namba 34 tulizifuta kwa mstari, na yale mafuriko hayamo kwenye kumbukumbu ya nchi mpaka leo. Nayakumbuka mimi, kwa sababu ya kamba ya mgomba.

Mbagala kwetu tunaambiwa maji ni ya Mtoni. Nayo ni Ruvu?

Hapana ndugu yangu. Mtambo wa Mtoni unachota Mto Kizinga, ni wa zamani kuliko mitambo yote ya mji na ni mdogo, kama lita milioni 9 kwa siku. Siku hizi upande wa kusini unasaidiwa pia na visima virefu vya Kigamboni, mradi wa lita milioni 70 kwa siku uliozinduliwa Novemba 2022. Kisima nacho hupimwa kina. Unateremsha futi kamba yenye kengele ya umeme mpaka iguse maji, asubuhi kabla pampu haijawashwa. Kama mwaka hadi mwaka kamba inazidi kuwa ndefu, mnachota kuliko kinachorudi.

Mzee shikamoo. Mvua imepiga Dar siku tatu, Jangwani pamefungwa, magari yamekwama, nyumba ya shangazi yangu Kigogo imeingia maji hadi magotini. Na bado mgao unaendelea! Mvua hii inakwenda wapi? Ni mimi, dada wa Magomeni.

Marahaba binti yangu, na mpe pole shangazi.

Mvua hiyo inakwenda baharini. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Jangwani, unamwaga baharini pale daraja la Salender. Inaweza kunyesha Magomeni mpaka mabati yatoboke, Ruvu isiongezeke hata sentimita moja, kwa sababu mteremko wa mji haurudi nyuma kwenda Mlandizi. Mvua inayokunywesha wewe ni ile inayonyesha Milima ya Uluguru, nyuma ya mji wa Morogoro. Huko ndiko Ruvu inakozaliwa, pamoja na Mgeta, na Ngerengere inakuja kuungana nao njiani.

Na hata ikinyesha Uluguru leo, usitegemee kesho. Baada ya kiangazi kirefu ardhi yenyewe ina kiu; mvua za kwanza za vuli inazinywa yote. Ndiyo maana miezi ninayoiogopa ni Oktoba na Novemba. Mto uko chini kabisa, vuli haijashika, na mji una joto, kila mtu anaoga mara mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa vuli, usisikilize Dar es Salaam peke yake. Sikiliza wanasema nini kuhusu Morogoro. Wakisema "chini ya wastani", nunua ndoo yenye mfuniko mapema.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya watu: mto umefurika, umejaa hadi ukingoni, na maji bombani yamepungua. Inawezekana kabisa. Mafuriko huja na tope. Maji ya Ruvu wakati wa masika yana rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, na mtambo lazima uyatulize kwa dawa ile tope ishuke kabla ya kuchuja. Tope likizidi, kazi inapungua kasi. Na tope hilo lina kwao. Mashamba yamepanda mteremko wa Uluguru hadi kwenye vyanzo. Sheria inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, lakini mita 60 za mlimani ni shamba zima la mtu, na mtoto wake anakula humo. Nimekaa na wazee wa kule, tumekula ndizi pamoja. Hawaharibu kwa ubaya. Ila kwenye geji madhara yanaonekana waziwazi: mto ulio chini ya msitu unapanda taratibu na kushuka taratibu, mto ulio chini ya mteremko mtupu unaruka juu usiku mmoja na baada ya siku chache umelala tena mchangani.

Wakati unasubiri Ruvu, mvua ya Magomeni usiiache yote iende Salender. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Bati la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 20 limeshika lita 1,200. Punguza kidogo ya kumwagika, na yale maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yaache yapite. Yanayobaki yanafua nguo za wiki.

Mimi ni baba wa watoto wanne, Goba. Tunasikia Bwawa la Kidunda. Likikamilika, ndiyo tutapumzika? Maana nimeambiwa nisinunue tangi la pili.

Nunua tangi, ndugu yangu. Halafu tuzungumze.

Kidunda nimeisikia tangu nikiwa kijana kazini, imekuwa ikisemwa na kusubiriwa na watu ambao wengine sasa hawapo. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa mwaka 2022, na nilipoona mitambo inakwenda kweli, sikuona haya, nilitokwa na machozi. Litakuwa Mto Ruvu wenyewe, Morogoro Vijijini, la mita za ujazo milioni 190. Gawa kwa zile lita milioni 466 za kila siku: siku 408, zaidi kidogo ya mwaka mmoja. Yaani kwa mara ya kwanza mji utakuwa na ghala.

Lakini hiyo ni hesabu ya karatasi. Jua nalo linakunywa. Tuseme linakausha milimita 5 kwa siku. Kwenye kila kilomita moja ya mraba ya uso wa bwawa hizo ni lita milioni 5 zilizokwenda hewani, kila siku. Maji ya chini kabisa hayachotwi, yanaachwa kwa ajili ya tope. Na maji yakifunguliwa Kidunda hayaji kwa bomba, yanateremka na mto uleule hadi Mlandizi, yakipita mbele ya pampu nyingine, za wenye vibali na za wasio navyo. Ukifungua mita za ujazo kumi kwa sekunde huko juu na kupokea saba chini, unahitaji geji njiani kukuambia tatu zimeingia wapi.

Ndiyo maana nasema siku bwawa litakapojaa, usomaji wa namba ndio utakuwa na kazi kubwa zaidi. Na wewe jifunze kuusikiliza. Wakisema "bwawa lipo asilimia 60", uliza: asilimia 60 ya kina, au ya maji? Si kitu kimoja. Bonde lina umbo la karai, pana juu, jembamba chini. Mita moja ikishuka wakati limejaa imeondoka na maji mengi sana. Mita moja ya chini kabisa ni kidogo tu. Bwawa lililoshuka hadi nusu ya kina chake linaweza kuwa limebakiwa na maji pungufu kabisa ya nusu. Kwa hiyo kila bwawa lina jedwali lake: usawa fulani juu ya bahari, mita za ujazo kadhaa.

Jedwali hilo nalo linazeeka. Nendeni Mindu, bwawa linaloinywesha Morogoro Mjini, kwenye Mto Ngerengere. Kwa macho maji yapo, yanang'aa chini ya Uluguru, watu wanavua. Ila tope limeingia kwa miaka mingi, na pale lilipokaa tope maji hayawezi kukaa tena. Usawa ni uleule, maji ni machache. Inabidi kupita na boti yenye chombo cha kupiga sauti hadi chini na kusikiliza inavyorudi, mstari kwa mstari, ndipo ujue karai lako limebaki na ukubwa gani. Kidunda naiombea ipimwe hivyo mapema na mara kwa mara, kabla mtu hajaanza kujiuliza maji yamekwenda wapi.

Shikamoo mzee. Sitaji kijiji changu. Baba alikuwa msoma geji mtoni kwetu, alifariki mwaka jana, nami nimepewa daftari lake. Baada ya mvua hizi mchanga umefukia geji ya chini yote na ya pili imelala. Nimejaribu kukisia kwa kulinganisha na jiwe alilokuwa akilitumia baba. Naandika nini? Naogopa nikiacha wazi wataona sifanyi kazi.

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Usikisie. Andika tarehe, andika saa uliyofika, halafu kwenye nafasi ya namba andika: "Haisomeki. Geji ya chini imefukiwa, ya pili imelala." Jioni shuka tena, andika tena hivyohivyo. Ukifanya hivyo siku kumi, mistari hiyo kumi ina thamani kuliko namba kumi za kubuni, kwa sababu mimi au mwingine yeyote akifungua daftari hilo miaka ishirini ijayo atajua mto ulifanya nini na wewe ulikuwepo.

Lile jiwe la baba ni mali. Usiligeuze kuwa sentimita, lakini pembeni, kwenye nafasi ya maelezo, andika maji yako wapi kulinganisha nalo: yamelifunika, yamefika nusu, yako mbali nalo hatua tatu. Fundi akija na darubini ya kupimia miinuko atapima kimo cha jiwe, na maelezo yako yote yatageuka kuwa namba za kweli. Piga simu ofisi ya bonde Morogoro leo, usingoje mwisho wa mwezi, uwaambie jina la kituo na hali ya geji. Usijaribu kuisimamisha mwenyewe hata ukipata vijana wa kukusaidia. Ikikaa sentimita tano juu au chini ya ilipokuwa, miaka yote ya baba itakuwa hailingani na yako.

Na usiteremke peke yako maji yakiwa na rangi hiyo. Nenda na mtu, na fimbo ya baba kama bado ipo.